Gia Nzito na Usawa wa Gari: Somo kwa Madereva na Kamati za Vyama vya Msingi



Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Likiharibika mlimani wakati wa masika, mazao hubaki ghalani, malipo huchelewa, na gharama ya matengenezo humwangukia mkulima. Somo hili lahusu mambo mawili ambayo dereva wa Land Cruiser au Range Rover hana budi kuyaelewa: gia nzito, na mitambo ya kusawazisha gari lenye mzigo.

GIA NZITO

Nyuma ya giaboksi kubwa pana giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 100, gia nzito huzidisha nguvu ya mzunguko kwa karibu mara 2.5, na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Lakini ieleweke kwamba gia nzito huongeza nguvu, haiongezi mshiko. Tairi lenye kipara likiwa juu ya utelezi, nguvu nyingi hulizungusha tu mpaka lijichimbie shimo.

Kwa hiyo yafuatwe haya:

1. Gari lisimamishwe kabisa, kabla ya kuingia topeni au kuanza mlima, ndipo gia nzito iingizwe. Angojaye mpaka akwame amechelewa.

2. Kwenye mteremko mkali dereva atumie gia ya kwanza, wala asikanyage klachi. Injini ndiyo itakayolizuia gari. Breki zikanyagwazo mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu.

3. Katika magari ambayo magurudumu ya mbele huunganishwa kwa mkono, kama Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, yaachanishwe mara gari lifikapo lami kavu. Penye kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mkubwa kuliko ya nyuma; yakilazimishwa kuzunguka sawasawa, gia na matairi huumia.

USAWA WA GARI

Mzigo ukizidi nyuma, mkia hushuka na pua huinuka. Magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani hulegea, na taa humpiga machoni dereva anayekuja. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na kifaa juu ya ekseli ya nyuma ambacho, kwa mtikisiko wa safari yenyewe, kililiinua gari hadi usawa wake. Baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 100, zilizotoka mwaka 1998, hutumia mafuta yenye shinikizo.

Hata hivyo, mitambo hiyo husawazisha mwili wa gari tu. Haiongezi uwezo wa kubeba. Gari lililozidishiwa mzigo huweza kuvunja ekseli na kupasua matairi hata likionekana limesimama sawa, na hatari huzidi kwa kuwa jicho halioni dalili. Tena, mwili ukiinuliwa, difu ya nyuma hubaki pale pale, maana kimo chake hutegemea tairi. Basi mzigo upimwe kwa mizani ya chama, usikisiwe kwa macho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni sehemu zipi za njia yenu zinazohitaji gia nzito?

2. Uzito ambao gari lenu limeruhusiwa kubeba umeandikwa wapi, na ni nani anayeukagua kabla ya safari?