Rimu za Mark II kwenye Corolla ya nati nne

Corolla yangu ni AE100, toleo lililoanza kutengenezwa 1991, na kila gurudumu linakaa kwa nati nne. Rimu nilizozipenda, za aloi, inchi 15, zilivuliwa kwenye Mark II GX100 na zina matundu matano. Muuzaji wa pale Gerezani alikuwa tayari kunipeleka kwa fundi wa kuzitoboa upya. Nilikataa, na wewe kataa. Rimu ikitobolewa katikati ya matundu ya zamani inapunguzwa nyama palepale inapofungwa, na siku ikipasuka si wewe peke yako uliye barabarani.

Nilitumia adapta: sahani nene ya aloi inayofungwa kwenye habu kwa nati nne, huku upande wa nje ina stadi tano za kubeba rimu.

Anza na vipimo. Kwenye matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Corolla hii ni milimita 100. Kwenye matano hakuna yanayokabiliana, kwa hiyo pima mawili yaliyo jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Mark II nilipata 67.2, yaani 114.3. Usitumie futi ya fundi cherehani. Rimu za 112, kama za Mercedes nyingi, matundu jirani yana 65.8. Tofauti haifiki milimita moja na nusu, na mtu mwenye haraka atalazimisha nati iingie imeinama.

Ila kilichonitesa mimi ni tundu kubwa la katikati. Kitovu cha habu ya Corolla kina milimita 54.1, tundu la rimu ya Mark II lina 60.1. Adapta zangu za kwanza zilitengenezwa zienee magari mengi: tundu pana, uso bapa. Gari likifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka hadi viwiko. Nikabalansi magurudumu mara mbili, hakuna nafuu. Mwishowe nilipandisha jeki, nikavua gurudumu, nikapitisha ukucha kati ya adapta na habu. Ulizunguka pote bila kugusa chuma. Gurudumu halikuwa na kitu cha kulishika katikati. Nikanunua nyingine, zenye tundu la 54.1 ndani na mdomo wa 60.1 nje, na mtetemo ukaisha siku ileile. Muulize muuzaji namba hizo mbili kabla hujatoa pesa.

Unene nao una hesabu yake. Rimu zangu zimeandikwa 50 kwa nyuma, yaani ofseti kwa milimita. Adapta ya milimita 20 inazifanya ziwe kama 30, yaani gurudumu linatoka nje. Kwa hiyo nilichagua tairi 195/50R15, ambayo kimo chake kinakaribia sana 175/65R14 niliyoivua. Kata usukani hadi mwisho pande zote, pakia watu wanne, kisha chungulia kwenye madigadi. Angalia pia stadi za zamani: zangu zilichomoza kidogo juu ya adapta, zikaingia kwenye mashimo ya nyuma ya rimu. Rimu isiyo na mashimo hayo ingekaa juu ya ncha za stadi, nawe ukadhani umekaza.

Wakati wa kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke na chuma king'ae. Nati kaza kwa kupishana, newtonmita 103, za ndani kwanza. Nati za rimu ya chuma zina uso wa koni. Rimu zangu za Mark II zinataka zenye washa bapa, usizichanganye. Baada ya kilomita 100, vua gurudumu ukague na nati za ndani pia. Hizo hazionekani kwa nje, na ndizo zinazolegea bila wewe kujua.

Spea yangu bado ni ya matundu manne. Haikai juu ya adapta. Lazima uvue adapta kwanza, na spana ya kawaida ya gari haiingii kwenye vishimo vya nati zake. Nililijua hilo usiku, karibu na Chalinze, tairi ikiwa chini. Sasa soketi nyembamba na nati nne za zamani zimo kwenye mfuko, chini ya spea.