Je, ni kosa kutoipenda filamu inayosifiwa na wote?

*Napenda sana filamu, ila sikuzisomea. Juzi nilitazama Citizen Kane, nikapitiwa na usingizi. Nilipowaambia wenzangu kuwa naipenda zaidi Titanic, walinicheka. Sasa naona haya kutoa maoni. Tatizo ni langu?*
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, huna tatizo. Kupenda ni jambo moja, kutambua ustadi ni jingine.

Citizen Kane ya mwaka 1941 husifiwa hasa kwa jinsi ilivyopigwa picha. Rudia pale mama anapotia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi. Mtoto yuko mbali, nje ya dirisha, anacheza kwenye theluji; wote wanaonekana wazi katika picha moja. Maisha yake yanaamuliwa, naye hana habari. Mbinu hiyo imeigwa mno, ndiyo maana leo haishtui.

Hata wahakiki hubadili kauli. Katika kura ya jarida la Uingereza la Sight and Sound, filamu hiyo iliongoza tangu 1962 hadi 2002. Mwaka 2012 filamu ya Vertigo ikaipita.

Unapotazama, weka simu mbali. Ukimaliza, andika mistari mitatu: kilichokugusa, kilichokuchosha, na kwa nini. Ukikwama, mwombe anayeipenda akuonyeshe tukio moja tu analolipenda.

“Sikuipenda kwa sababu hii” ni maoni kamili. Na Titanic ilipata tuzo 11 za Oscar. Ipende bila haya.