MAFUNZO YA KUSEMA MBELE ZA WATU

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Darsa ya mara hii hatukuitoa kitabuni. Tuliitoa Nyeri, na aliyetufundisha ni kijana aliye mdogo kuliko mwanetu wa kwanza.

Mwezi wa Julai uliopita tulikwenda kuwazuru ndugu zetu wa Majengo ya Nyeri. Asiyewahi kufika huko na ajue kuwa ni mji ulio baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, mwendo wa kilomita 150 hivi kaskazini ya Nairobi, na baridi yake ya Julai humvisha mtu wa pwani koti juu ya kanzu na bado meno yakagongana. Waislamu wa miji ile iliyouzunguka mlima, Nyeri na Nanyuki, Meru na Embu, ni wachache miongoni mwa wengi, lakini misikiti yao ni mikongwe na ukarimu wao haukupungua.

Mwana wa mwenyeji wetu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, akatuambia siku moja baada ya Alasiri: "Sheikh, leo jioni tuna kikao cha klabu yetu ya kusema. Tafadhali njoo utuangalie." Tulidhani ni mkutano wa siasa, tukataka kukataa. Akatufahamisha kuwa hakuna siasa wala mahubiri; ni watu wajifunzao kusimama na kunena mbele za wenzao bila ya kutetemeka. Tukaenda.

Tulikuta watu kama ishirini chumbani: walimu, makarani, muuza dawa mmoja, na wanafunzi. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi hizo hubadilishana katika kila kikao, hata aliyekuwa mwenyekiti juma lililopita leo huwa mshika saa. Mmoja huhesabu sauti na maneno ya kuzibia pengo, yale ya "aaa", "mmm", "yaani" na "kwa hivyo". Mwingine huchunga lugha, akaandika neno lililotumiwa vizuri na lililokosewa. Mshika saa huonyesha rangi tatu: kijani, kisha manjano, kisha nyekundu. Desturi ni taa, bali hawa walitumia vibao vya karatasi, na havikupunguza kitu. Mwenye kuleta hotuba aliyoitayarisha hupewa dakika tano hadi saba. Mwenye kupewa jambo la ghafula hupewa dakika moja hadi mbili, naye hajui ataulizwa nini mpaka asimame. Na kila aliyetoa hotuba ya kutayarisha ana mwenzake aliyewekwa kumsikiliza, ambaye naye husimama baadaye, dakika mbili hadi tatu, akaeleza lililokuwa jema na lipasalo kutengenezwa.

Mpango huu haukubuniwa Nyeri. Aliyeuweka ni Ralph Smedley, Mmarekani aliyefanya kazi katika jumuiya ya vijana ya Kikristo iitwayo YMCA. Aliona vijana waliomjia wana akili lakini hawawezi kuongoza mkutano wala kueleza haja yao. Akaanza kuwafundisha mwaka 1905 katika mji wa Bloomington, Illinois, na tarehe 22 Oktoba 1924 akafungua klabu katika chumba cha chini ya jengo la YMCA, Santa Ana, California. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Toastmasters International, ambayo leo ina wanachama zaidi ya 200,000 katika nchi nyingi za dunia. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1973. Na jina hilo latokana na yule mtu ambaye katika karamu za Kizungu huwaita wasemaji na kuwataka watu wainue gilasi. Ndugu zetu wasishtuke: kikaoni tulichohudhuria gilasi zilikuwa za maji, na baada yake ikaja chai ya maziwa.

Huenda akauliza mwenye kuuliza: yafaaje Mwislamu kuchukua jambo lililozaliwa katika nyumba ya Kikristo? Twamjibu kuwa mpango wa kugawa zamu na kushika saa hauna itikadi ndani yake. Mtume s.a.w. alichimba handaki kuulinda Madina kwa shauri la Salman, na handaki ilikuwa ada ya vita ya Wafursi waliokuwa Majusi.

Sasa tuseme yaliyotupata sisi. Mwenyekiti, binti mwenye adabu, alitugeukia akasema: "Sheikh ni mgeni wetu, na mgeni hupewa nafasi. Karibu mbele." Tukapewa kikaratasi kilichoandikwa maneno mawili: *Mlango uliofungwa*. Tumesimama juu ya mimbari karibu miaka ishirini, na hatukuona neno la kutisha hapo. Tukaanza. Tukamhimidi Mola, tukamsalia Mtume, na hayo ni maneno machache yasiyochosha. Lakini baada yake tukamsalimu mwenyekiti, tukawasalimu wazee, tukawasalimu vijana, tukamshukuru mwenyeji wetu, tukamshukuru baba yake, tukaeleza njia tuliyopita kuanzia Mombasa mpaka Karatina, tukaomba radhi kwa Kiswahili chetu cha pwani ambacho hakuna aliyekilalamikia. Kibao cha kijani kikainuliwa. Tukaanza kueleza milango iko namna gani. Kikainuliwa cha manjano. Tulipofika penye mlango wenyewe, kibao chekundu kilikuwa juu na watu wanapiga makofi kwa upole, ambayo ndiyo ada yao ya kumwambia mtu akae.

Yule mwenye kuhesabu akasimama na daftari lake. "Sheikh wetu," akasema, "ana sauti nzuri inayofika mwisho wa chumba. Ametumia 'yaani' mara kumi na moja na 'naam' mara nne." Watu wakacheka, na sisi tukacheka, ingawa kicheko chetu kilichelewa kidogo.

Usiku ule hatukulala upesi. Halikutukesha lile la kuchekwa. Tulikumbuka jambo lililopita katika mji wetu wa pwani, ambalo mpaka leo twaona haya kulisimulia.

Palikuwa na mpango wa kupanua barabara, na upande mmoja wa barabara hiyo ni maziara ya wazee wetu. Wananchi wakaitwa kutoa maoni. Kuitwa huko si hisani ya mtu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 196, imelazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na tangu kaunti kuanza mwaka 2013 vikao hivi vimekuwa vingi. Siku hiyo kila msemaji alipewa dakika mbili. Sisi wa mtaa tulimchagua mzee wetu mmoja, mjuzi wa nasaba za waliozikwa pale, ambaye barazani hakuna amshindaye. Akashika kipaza sauti. Akaanza kwa salamu, akawashukuru wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akaeleza kuwa yeye si msemaji, akataja babu yake alihamia mtaani kutoka wapi. Mwenye kuongoza kikao akamwambia muda umekwisha, na kipaza sauti kikachukuliwa kikapewa mwenye duka la saruji, naye akasema kwa sentensi tano kwamba barabara pana italeta biashara. Neno "makaburi" halikutamkwa katika kikao kile. Mpango ukapita kama ulivyokuja, na ukuta wa maziara ukasogezwa ndani.

Na sisi tulikuwa tumekaa safu ya pili. Twajua kuandika khutba, twajua nahau na balagha, na hatukuinua mkono, kwa kuwa tulidhani maadamu mzee amesimama, shughuli imekwisha.

Watu wa mlimani walilijua jambo hili kabla ya klabu yoyote. Wameru wana baraza lao la wazee, Njuri Ncheke, ambalo huketi likahukumu kwa maneno ya kusikilizana. Na katika Nyeri hii hii, tarehe 26 Julai 1952, watu kwa maelfu walikusanyika katika mkutano wa chama cha Kenya African Union, Jomo Kenyatta akawahutubia habari ya ardhi na akawaeleza maana ya rangi za bendera ya chama. Haikutimu miezi mitatu ila serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, Kenyatta akakamatwa, na mwaka uliofuata chama chenyewe kikapigwa marufuku. Mtawala yule alikuwa na bunduki na magereza, na juu ya hayo aliona hawezi kuwaachia watu mikutano yao. Na sisi leo twaitwa mkutanoni kwa sheria, kisha dakika zetu tukazimaliza kwa salamu.

Wako wasemao kuwa ufasaha ni kipaji, aliyenyimwa amenyimwa. Rai hii twaiona dhaifu. Nabii Musa a.s. alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akaomba aandamane na nduguye Harun kwa kuwa alikuwa fasaha kuliko yeye. Hakusema: mimi si msemaji, basi na nikae. Sayyidna Uthman r.a. imepokewa katika vitabu vya tarehe kwamba alipopanda mimbari mara ya kwanza katika ukhalifa wake maneno yalimkatika, akasema machache akashuka. Na hakuna aliyemwona amepungukiwa. Naye al-Jahiz wa Basra amesimulia habari za Wasil bin Ataa, ambaye hakuweza kuitamka sawasawa herufi ya *ra*, akajizoeza mpaka akawa akihutubu hotuba nzima isiyokuwa na herufi hiyo. Wasil alikuwa imamu wa Muutazila na madhehebu yake si yetu, lakini bidii yake twaihusudu.

Na hili la saa pia si geni. Katika Sahihi Muslim mna hadithi ya Ammar bin Yasir r.a. ambayo maana yake ni kuwa Mtume s.a.w. amehesabu urefu wa sala ya mtu na ufupi wa khutba yake kuwa ni dalili ya fahamu yake katika dini. Sisi makhatibu wa leo twaigeuza: khutba nusu saa na zaidi, kisha sala kwa sura fupi mbili, na mchukuzi wa bandarini aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini atoka mbio bila ya kusali sunna. Tulihesabu khutba zetu wenyewe tuliporudi, kwa saa ya mkononi. Ya kwanza ilikuwa dakika thelathini na nne.

Jambo moja la klabu ile lilitutia shaka, nalo ni kumkosoa mtu mbele za watu. Sisi tumelelewa kuwa nasaha hutolewa faraghani, na anayekutaja aibu yako hadharani amekufedhehesha. Tulipomwuliza yule kijana, alitujibu: "Sheikh, yeye mwenyewe ameomba. Na haisemwi nafsi yake, yasemwa maneno yake." Tukaangalia tena, tukaona ni kweli. Mkosoaji huanza kwa alilolipenda, kisha hutaja moja au mawili ya kurekebisha pamoja na njia ya kuyarekebisha, kisha humtia moyo. Hakuna aliyeambiwa "wewe hujui". Basi hukumu yake si ya kufedheheshana. Ni kama ya mwanafunzi wa Qur'ani asomaye mbele ya mwalimu wake, na mwalimu akamrudisha penye kosa, na chuo kizima chasikia.

Shaka ya pili ni kubwa zaidi, na klabu haikuijibu. Kule husifiwa aliyesema vizuri, haulizwi kama alilolisema ni kweli. Hadithi ile ile ya Ammar yamalizikia kwa kututanabahisha kuwa katika ufasaha mna uchawi. Na Mama Umm Salama r.a. amepokea, katika Bukhari na Muslim, onyo la Mtume s.a.w. kwamba wagombanao humjia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake akahukumiwa haki isiyo yake, na kumbe amepewa kipande cha moto. Mwenye duka la saruji hakusema uongo siku ile. Alisema lake kwa ufupi. Laiti angekuwa mwongo, nani angemjibu?

Kwa hivyo tumeanza hapa kwetu, kila Jumamosi baada ya Isha, katika chumba cha madrasa. Twatumia Kiswahili, kwa kuwa vikao vya kaunti watu husema Kiswahili, nacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo. Tumeongeza kazi moja ambayo Nyeri haikuwako: mtu wa kuuliza "umelijuaje hilo?" kila msemaji atajapo habari. Wanawake wana kikao chao Jumapili asubuhi, na twaambiwa wao hushika saa kwa ukali kuliko sisi. Tena tusisahau kuwa Bi Khawla bint Thaalaba alimjadili Mtume s.a.w. juu ya shauri la mumewe, na Sura ya hamsini na nane ikashuka kwa sababu yake.

Mshika saa wetu wa kwanza alikuwa mvuvi mstaafu. Hana vibao vya rangi. Ana kofia yake: akiivua, imebaki nusu dakika. Akiivaa tena, kaa. Na wa kwanza kusimama alikuwa yule mzee wetu wa maziara, ambaye hatukumlazimisha. Tulimpa dakika mbili zile zile. Alisema bismillahi, akataja makaburi manne kwa majina ya wenyewe, akaeleza ukuta ulikuwa wapi na sasa uko wapi, akakaa, na kofia bado haijavuliwa.