Kompyuta na Jani la Mululuza: Dawa Inatafutwaje Leo?



Muhula uliopita ndugu mmoja wa hosteli yetu aliugua malaria. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kompyuta "imethibitisha" majani ya mululuza yanaua vijidudu vya malaria. Akaacha vidonge alivyopewa zahanati, akanywa maji ya majani siku tatu. Siku ya nne tulimbeba hospitali hajitambui. Alhamdulillah alipona, kisha akaniuliza: "Sheikh, kwani kompyuta ilidanganya?"

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si famasia. Nikawaendea wenzetu wa kemia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kazi ya mikono

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia dawa. Basi kutafuta ni juu yetu, na kutafuta kuna taabu. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou na wenzake walipitia zaidi ya tiba 2,000 za asili, wakatengeneza na kujaribu dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Dondoo za artemisia hazikutoa matokeo ya kuaminika, mpaka aliporudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, kilichoelekeza mmea ulowekwe na kukamuliwa, wala hakikutaja kuuchemsha. Akaelewa kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akafaulu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kompyuta inafanya nini hasa?

Kwanza, inahifadhi. Zipo hazina za data zenye maumbo ya maelfu ya molekuli za mimea na vijidudu. Ipo hata ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyotangazwa mwaka 2020.

Pili, inachuja. Protini ya kijidudu ni kama kufuli, na molekuli ni ufunguo. Programu kama AutoDock Vina hujaribisha funguo nyingi kwenye kufuli moja, na kila moja huipa alama. Mtafiti anabaki na chache za kupeleka maabara.

Tatu, inasoma jeni. Bakteria wengi wa udongoni wana jeni za kutengeneza kemikali ambazo hawazitoi wakiwa maabara. Programu ya antiSMASH, iliyotoka mwaka 2011, huzitambua jeni hizo, ikamwonyesha mtafiti pa kuchimba.

Dhana si yakini

Hapa ndipo ndugu yetu alipoteleza. Alama ya kompyuta ni dhana tu. Haijui kama molekuli itafika kwenye damu, kama ini litaivunja, wala kama itaumiza figo. Manjano ni mfano mzuri: kemikali yake, kurkumini, huonekana kufanya kazi katika majaribio mengi ya maabara, lakini mwilini hufyonzwa kidogo sana na kuvunjika haraka. Wanakemia walishatoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2017.

Sisi tunaosoma hadithi tunalielewa hili. Riwaya haikubaliwi kwa sababu maneno yake ni mazuri. Wapokezi wake huchunguzwa mmoja mmoja. Dawa nayo ina mlolongo wake: kompyuta, maabara, wanyama, kisha watu. Ibn Sina katika *al-Qanun* aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa, la mwisho likiwa ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa inayofanya kazi kwa mnyama huenda isifanye kazi kwa mtu.

Kwa hiyo kompyuta haikudanganya. Ilisema "labda", na aliyeandika akatangaza "hakika".

Amana

Limebaki suala la haki. Molekuli ikishaingia kwenye kompyuta, ni rahisi kumsahau bibi aliyeonyesha mti. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wenye mimea na elimu hiyo waombwe ridhaa na wagawiwe faida. Kwetu sisi hiyo ni amana kabla ya kuwa sheria. Ewe unayesoma kemia au kompyuta, andika jina la kijiji pamoja na jina la mmea.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Anayesambaza habari ya dawa bila kuihakiki anabeba dhima gani akidhurika mtu?
2. Elimu ya tiba ya ukoo ni mali ya nani?
3. Kutumia dawa iliyothibitishwa kunapinganaje, au kunaafikianaje, na kutawakali?

Wabillahi tawfiq.