Kuziba kwa Njia ya Mkojo kwa Mtoto Aliye Tumboni: Ushauri kwa Wazazi wa Kianjai

Mtoto aliye tumboni hukojoa, na kuanzia takriban wiki ya 16 mkojo wake ndio unaofanya sehemu kubwa ya maji ya chupa, yaani maji yanayomzunguka. Kwa hiyo njia ya mkojo inapoziba, madhara hayaishii kwenye figo, kwani maji hayo yakipungua sana mapafu nayo hushindwa kukua. Figo moja iliyotanuka kidogo huku maji yakitosha ndiyo hali inayoonekana zaidi, na mara nyingi hupona bila upasuaji. Hatari kubwa ipo pale kibofu cha mtoto wa kiume kinapofura na maji kupungua, kwani hapo hushukiwa vali za urethra, yaani vikunjo vya utando vinavyozuia mkojo kutoka.

Mama kwa kawaida hahisi lolote, kwa hiyo picha ni muhimu; Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Safari ya kutoka Kianjai hadi Meru mjini au Maua kwa ajili ya picha hiyo ina gharama, lakini inafaa kupangiwa fedha mapema.

Wazazi wote wawili wapewe majibu ya picha wakiwa pamoja, kwa Kimeru ikihitajika, na waelezwe waziwazi kwamba vali hizo hujiumba mapema katika ujauzito, wala hazitokani na kazi za shambani, chakula au laana, maana lawama hizo humwangukia mama bila haki. Wasiahidiwe tiba ya hakika kabla ya kuzaliwa: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, ambapo mrija mdogo uliwekwa ili kupitisha mkojo kutoka kwenye kibofu cha mtoto, ulidokeza kwamba huenda watoto wengi zaidi huishi, lakini wachache sana walibaki na figo nzima. Pale mapafu yasipotarajiwa kukua, ukweli huo usemwe kwa upole na bila kucheleweshwa.

Mtoto anayeshukiwa kuwa na vali azaliwe hospitalini penye wataalamu wa watoto wachanga, ambapo atawekewa mpira wa mkojo mara moja kabla ya kupelekwa kwa upasuaji, kwa mfano katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Majibu ya picha yaandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, ili mkunga wa zamu ayaone hata uchungu ukianza usiku. Aidha, mtoto wa kiume ambaye mkojo wake hutoka kwa matone apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hata kama picha ya ujauzito haikuonyesha kasoro.