Mchagua Jembe Si Mkulima? Somo la Kuchagua Tarakilishi ya Usanifu

Ninaandika kutoka hapa Soy, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, ambako mahindi yamekauka shambani yakingoja wavunaji. Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, kidato cha tatu, na ndimi niliyepewa kazi ya kupanga kurasa za jarida hili. Kabla hujakimbilia mashairi na vitendawili, hebu nipe dakika chache nikueleze jinsi chama chetu kilivyokaribia kuvunjika kwa sababu ya tarakilishi, au kompyuta kama wengi wetu tunavyoiita. Huenda kesho wewe ndiwe utakayetumwa dukani kuchagua.

Wanaokumbuka toleo lililopita wanajua aibu iliyotupata. Jalada tulilolipamba kwa shamba la mahindi ya kijani kibichi lilirudi kutoka kwa mpiga chapa likiwa na kijani kilichofifia kama majani ya mwezi wa kiangazi. Herufi za vichwa zilikuwa zimebadilika. Na baya zaidi, shairi la mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza lilikosa ubeti wa mwisho. Alinijia bwenini na jarida mkononi akaniuliza, "Kwani ubeti wangu ulikuwa mbaya?" Sikuwa na jibu. Lilikuwa shairi lake la kwanza kuchapishwa, na wazazi wake walikuwa wameshanunua nakala tatu.

Muhula wa kwanza mwaka huu wazazi wakatuchangia shilingi 60,000 tununue mashine yetu wenyewe. Ndipo vita vilipoanza. Mimi nilikuwa kiongozi wa kambi ya Mac. Nilikuwa nimesikia kwamba msanifu wa kweli hutumia Mac, na kwamba aibu yetu yote ilitokana na kile kikompyuta kikuukuu cha Windows tulichoazimwa. Kambi ya pili ikasema Windows ndiyo kila mtu anaijua. Wawili watatu wakataja Linux, tukawacheka. Mkutano ukaisha kwa kelele. Mwalimu mlezi alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema maneno manne tu: "Mchagua jembe si mkulima." Halafu akatutuma mimi na katibu twende Eldoret siku ya Jumamosi tukaulize wanaoifanya kazi hiyo. Kuuliza si ujinga. Haya ndiyo tuliyojifunza.

SIFA YA MAC ILITOKA WAPI?

Sifa hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa tarakilishi ya Macintosh, ambayo mtumiaji aliiongoza kwa kipanya na vipicha kwenye skrini badala ya kuandika amri. Mwaka 1985 mambo matatu yakakutana: hiyo Macintosh, printa ya LaserWriter iliyoelewa lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Mtu mmoja akaweza kukaa mezani akafanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha wapanga herufi. Mwaka 1987 Adobe ikatoa Illustrator ya kuchorea, na mwaka 1990 ikatoa Photoshop ya kushughulikia picha. Zote mbili zilianzia kwenye Mac. Kwa hivyo msanifu wa miaka hiyo hakuwa na la kuchagua.

Lakini mambo hayakukaa hivyo. CorelDRAW ilitoka mwaka 1989 kwa ajili ya Windows. Photoshop nayo baadaye ikafika kwenye Windows. Ilipotoka InDesign mwaka 1999, ya kupangia kurasa, ilikuwa tayari kwa pande zote mbili. Naye Linus Torvalds wa Finland alianzisha Linux mwaka 1991, mfumo unaotolewa bure, na baadaye zikaja programu za bure kama GIMP ya picha, Inkscape ya michoro na Scribus ya kurasa. Hizi tatu hufanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Za Adobe hazitengenezwi kwa ajili ya Linux, hilo ulijue mapema.

Kwa ufupi, ukuta ulianguka miaka thelathini iliyopita, lakini sifa ikabaki. Mimi nilikuwa naipigania sifa.

Hata hivyo, wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kuukumbuka ukuta huo. Ndani ya tarakilishi kila herufi ni namba. Zamani, ile ritifaa iliyopinda katika neno ng'ombe ilipewa namba 213 kwenye Mac, na namba 146 kwenye Windows. Namba 213 kwenye Windows ilikuwa O yenye kiwimbi kichwani. Basi maandishi yakitoka Mac kwenda Windows bila kubadilishwa, ng'ombe wako anageuka kuwa ngÕombe! Mfumo wa Unicode, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, uliipa kila herufi namba moja kwa mashine zote, na polepole ugonjwa huo ukapona.

TULIYOYAONA ELDORET

Tulianza kwa binamu yangu, anayefanya kazi katika duka dogo la mabango, stika, kalenda, kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Yeye hutumia Windows. Nikamwuliza kama haonei Mac wivu. Akacheka. "Sikiza, ndugu yangu. Ile mashine ya kukata stika pale kona, programu yake ni ya Windows. Wateja wananiletea faili za CorelDRAW. Nikinunua Mac, nitaifanyia nini?" Baadaye niligundua kwamba CorelDRAW iliwahi kuachana na Mac kwa miaka mingi, ikarejea mwaka 2019 tu. Nikaelewa kwa nini maduka kama lake yalizoea Windows.

Kisha akatupeleka kwa dada mmoja anayesanifu nembo na video fupi kwa wateja walio mbali, kupitia intaneti. Yeye alikuwa na Mac ya kubeba. Tukiwa hapo stima ikapotea. Dada yule hata hakuinua kichwa; betri yake iliendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Tuliporudi dukani tukamkuta binamu ameshika tama: nusu ya kalenda ya mteja ilikuwa imezimika na mashine yake ya mezani kabla hajaihifadhi. Nikamtazama katibu kwa ushindi. Lakini nilikuwa nimeshasikia maneno ya yule dada, na yalinikaa kichwani: "Wadogo zangu, mteja wangu haulizi natumia nini. Anauliza faili itafika lini, na kama rangi ni zile zile."

Nikamwonyesha jarida letu lililoharibika na faili tulizopeleka kuchapishwa. Alizipekua kidogo tu. Akasema rangi ilififia kwa sababu skrini huonyesha rangi kwa mwanga wa aina tatu, nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kikali cha skrini hakipatikani kwa wino huo, nasi hatukujaribu kuzibadilisha rangi kabla ya kupeleka. Herufi zilibadilika kwa sababu tulipeleka faili ghafi bila fonti zake, na mpiga chapa hakuwa nazo. Fonti mpya ilikuwa pana zaidi, maneno yakajaa kisanduku yakafurika, na ubeti wa mwisho ukabaki nje.

"Hata mngekuwa na Mac ya laki tatu," akasema, "ubeti ungepotea vile vile."

Ndugu msomaji, niliona haya. Makosa yote matatu yalikuwa yangu. Mashine ilikuwa imesingiziwa.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA PESA

Tukiwa ndani ya matatu kurudi Soy tuliandika maswali haya. Yanakili daftarini mwako.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi na itaishia wapi? Jarida la karatasi, bango, video na nembo ya intaneti si kazi moja. Video hutaka mashine yenye nguvu. Kurasa za mashairi hazitaki makuu.

Pili, utatumia programu gani, na utailipiaje? Hadi CS6 ya mwaka 2012, programu za Adobe ziliuzwa mara moja ukawa nazo. Tangu 2013 matoleo mapya hulipiwa kama kodi ya nyumba: ukikoma kulipa, unafungiwa mlango. Chama cha shule kisicho na pato la kila mwezi kifikiri mara mbili. Scribus na Inkscape ni za bure. Affinity, iliyouzwa kwa miaka mingi, ilianza kutolewa bila malipo Oktoba 2025 kwa Windows na Mac.

Tatu, nani atapokea faili? Mwulize mpiga chapa kabla ya kuanza. Dawa kubwa ni PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. PDF iliyobeba fonti ndani yake hufika jinsi ilivyotoka, iwe imetoka Mac, Windows au Linux. Tungelijua hili mwaka jana, ubeti ule ungepona.

Nne, ikiharibika nani ataitengeneza? Wazee wetu hapa wanaponunua trekta hawaulizi tu nguvu zake. Huuliza kama spea zake zinapatikana Eldoret. Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza mwaka 2020, zina kasi na hazili betri haraka, lakini kumbukumbu yake haiwezi kuongezwa baadaye. Ununue ya kutosha tangu mwanzo. Tarakilishi nyingi za mezani za Windows hufunguliwa na kuongezwa kadiri pesa zinavyopatikana.

Tano, stima ikipotea itakuwaje? Kwa mashine ya mezani, weka bei ya betri ya akiba ndani ya hesabu. Na mashine iwayo yote, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na uwe na nakala mahali pengine. Majuto ni mjukuu.

NA KISWAHILI CHETU JE?

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Programu nyingi hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Sisi tulikuta "mwan-afunzi" na "kit-abu". Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hivyo tunakata baada ya irabu: mwana-funzi, ki-tabu. Kama programu haijui Kiswahili, zima ukataji huo, ukate mwenyewe. Vile vile kagua kila ng' isije ikatengana na irabu yake.

Tusidhani Kiswahili ni mgeni kwenye tarakilishi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuitafsiri. Wale wawili watatu tuliowacheka kwa kutaja Linux walikuwa na hoja.

TULICHOAMUA

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Nilisimama nikasema nimeiacha kambi yangu. Pesa zetu hazikutosha Mac mpya, na hata zingetosha, kazi yetu ni jarida moja la karatasi kwa mwaka, mpiga chapa anataka PDF tu, na fundi aliye karibu nasi anaijua Windows. Tulinunua mashine ya kubeba iliyotumika, ya Windows, yenye betri nzima na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Tukaweka ndani Scribus na Inkscape. Pesa zilizobaki tuliziweka kwa ajili ya nakala ya majaribio, tuione kwa macho yetu kabla ya kuchapisha zote.

Je, Mac ni mbaya? La hasha. Chama kingekuwa cha filamu, au ningekuwa nafanya kazi ya yule dada, ningehesabu upya, na pengine ningeichagua Mac kwa moyo mkunjufu. Mwenzangu anayeota kuajiriwa na kampuni ya usanifu aulize huko wanatumia nini, ajifunze hicho.

Nilimrudia mwalimu nikamwuliza kuhusu methali yake. Nilimwambia kwamba naona mkulima huchagua jembe, ila hulichagua akiwa ameshalijua shamba. Akatabasamu, akasema niandike hivyo. Basi nimeandika.

Nakala ya majaribio ilifika wiki iliyopita. Nilimwita yule mshairi, sasa yuko kidato cha pili, nikampa aisome kabla ya mtu yeyote. Shairi lake jipya lina beti saba. Alizihesabu kwa kidole, moja baada ya nyingine, akafika saba, akanirudishia karatasi. "Ziko zote," akasema. Hapo nikatua kalamu.