Mchezo wa Tangu 1999: Nimpeleke Mama?

Shangazi, mimi ni Mtanzania, naishi Northampton, Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Binti ana miaka 9, mdogo wake miaka miwili na nusu. Mama yangu anakuja mwezi ujao kutoka Tanga kwa wiki 6. Ana miaka 71 na hajawahi kufika Ulaya. Natamani kumpeleka London akauone mchezo wa The Lion King, ila baba watoto hataki kabisa. Anasema mchezo huo upo tangu 1999, waigizaji wenyewe wameshachoka nao, filamu tunayo nyumbani, na isitoshe ni Wazungu wanatuuzia wanyama wetu na Kiswahili chetu. Tiketi za watu watano ni pesa nyingi kwetu. Je, bado unafaa kutazamwa?
Binti wa Ngamiani

Mwanangu, mpeleke. Ila tiketi tano hazihitajiki, na kiti chochote tu hakitafaa. Baba watoto naye ana hoja moja nzito ambayo sitaipita kimyakimya. Tutaifikia.

Tuanze na huo umri. Mchezo ulifunguliwa New York Novemba 1997, ukaja London Oktoba 1999 katika ukumbi wa Lyceum, karibu na Covent Garden, na haujahama. Ulisimama Machi 2020 korona ilipofunga kumbi zote, ukarudi Julai 2021. Miaka hiyo ni mingi kwa filamu, kwa sababu filamu ni ile ile: aliyecheka ndani yake mwaka 1994 anacheka pale pale mpaka leo. Mchezo wa jukwaani hutengenezwa upya kila unapoonyeshwa, mara 8 kwa wiki, na watu wanaovuta pumzi mbele yako. Mweleze mama yako hili, atalielewa upesi kuliko mumeo. Mtu wa Tanga wa umri wake alivikuta vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Wimbo wa taarabu aliousikia kwenye harusi moja aliusikia tena kwenye harusi ya mwaka uliofuata, na hakuna aliyelalamika kwamba ni wa zamani. Watu walitaka kujua nani anaimba usiku ule, na sauti yake imeamkaje.

Mchezo wa miaka mingi nao uulizwe hivyo hivyo: unatunzwa, au umeachwa ujiendee? Huu unatunzwa. Wachezaji hubadilishwa. Simba na Nala wa utotoni huchezwa na watoto kadhaa wanaopokezana, maana sheria ya Uingereza haimruhusu mtoto kufanya kazi jioni zote hizo. Kila mhusika mkubwa ana watu wa akiba waliojifunza nafasi yake, na wapo wenye kazi ya kukaa na kutazama tu kama hatua za ngoma zimeanza kulegea. Wengine hukaa sana na hawalegei. Brown Lindiwe Mkhize kutoka Afrika Kusini alimcheza Rafiki hapo Lyceum kwa zaidi ya miaka 10.

Kinachouzeesha mchezo ni kupunguziwa. The Phantom of the Opera ulianza London mwaka 1986, na uliporudi baada ya korona, kundi la wapiga muziki lilikuwa limeshushwa kutoka watu 27 hadi 14. Jina lile lile, mavazi yale yale, lakini masikio ya aliyeusikia zamani hayadanganyiki. Ungekuwa umeniuliza juu ya huo, ningesita.

Sasa nikwambie mama yako ataona nini.

Taa zikizimwa, mwanamke anasimama peke yake na kupaza sauti kwa Kizulu, anatangaza ujio wa simba. Huyo ndiye Rafiki. Kwenye filamu ni nyani dume. Julie Taymor, aliyeuongoza mchezo huu na kuyabuni mavazi yake, alimgeuza mwanamke, mganga na mwimbaji. Sauti nyingine inamwitikia kutoka upande wa pili wa ukumbi, kisha wanyama wanaanza kuja, na si wote wanaotokea jukwaani. Wengine wanapita katikati ya viti, wanatokea nyuma yako na kupita karibu na bega lako. Tembo amebebwa na watu wanne, kila mmoja ni mguu. Twiga ni mtu mmoja aliyesimama juu ya magongo marefu manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono, na shingo ya twiga imesimama juu ya kichwa chake. Swala wanarukaruka juu ya chombo cha magurudumu kinachosukumwa na mtu mmoja. Nyasi za mbuga ni wachezaji waliojitwika nyasi vichwani, wakitembea ndipo upepo unapovuma.

Hakuna aliyefichwa. Hapo ndipo ulipo uzuri wake wote. Taymor aliishi Indonesia miaka ya 1970, akaijua michezo ya vivuli na vinyago ya huko, na alipopewa kazi hii aliamua kwamba mtazamaji amwone mnyama na amwone binadamu anayemcheza, wote wawili kwa wakati mmoja. Kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, kimekaa juu ya kichwa cha mwigizaji. Akiinama kwa ghadhabu kinashuka mbele ya uso wake na unamwona simba. Akiinuka, uso wa baba wa mtu unarudi. Filamu haina namna ya kukupa hilo, hata televisheni yenu iwe kubwa kama ukuta. Bibi aliyekulia kwenye ngoma ataligundua mara moja, kwa sababu hata kwetu aliyevaa kinyago hatumsahau kwamba ni fulani wa fulani, na bado tunakiogopa kinyago.

Ukame unapoingia, jukwaani kuna duara la hariri ya buluu, ndilo ziwa. Linavutwa polepole kupitia tundu la sakafuni, linasinyaa, linasinyaa, mpaka halipo. Na Mufasa akishakufa, simba majike wanalia: kila mmoja anavuta utepe mweupe kutoka machoni, mrefu, bila haraka. Ni kitambaa tu, na mkono unaokivuta unauona. Nilipouona mchezo huu mara ya kwanza nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 8. Pale kwenye tepe alinishika mkono, hakuuachia mpaka mapumziko. Ndiyo maana nakwambia uende na binti yako pia.

Udhaifu upo, nao usikuvunje moyo. Sehemu ya kwanza ni bora kuliko ya pili. Simba akishakuwa mtu mzima hadithi inakimbizwa, na mapenzi yake na Nala yanazuka kabla hujayaamini. Timon na Pumbaa, wachekeshaji wa hadithi, wameachwa wafanane na katuni, kwa hiyo wanakaa kama wageni ndani ya mchezo uliojengwa kwa mtindo mwingine kabisa. Mizaha yao ni ya Kiingereza cha harakaharaka ambacho mama hatakidaka. Kwa jumla ni kama saa 2 na nusu pamoja na mapumziko. Kama ungekuwa unakwenda peke yako, umeshautazama miaka ya nyuma na unautafuta ukushangaze tena, ningekwambia tafuta mchezo mpya. Lakini wewe unampeleka mtu atakayeuona mara moja maishani.

Nimfikie baba watoto. Hasira yake ina msingi, na usimjibu kwa kumwambia anakuza mambo. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno "hakuna matata" huko Marekani kama alama yake ya biashara kwenye nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Maneno hayo Them Mushrooms walikuwa wameshayatia kwenye wimbo wao Jambo Bwana mwaka 1982, kule pwani ya Kenya, na hata wao waliyakuta yakisemwa. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kuipinga alama hiyo, na niko upande wao: neno linalosemwa na mamilioni ya watu si la kupewa mwenyewe mmoja. Kuna na Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo uliotokana na wake ulizunguka dunia nzima na kutiwa ndani ya filamu hii. Familia yake ilifikia mapatano ya malipo mwaka 2006, tena baada ya kwenda mahakamani.

Hata majina yanauma kidogo. Simba, Rafiki na Pumbaa hayana shida, na Sarabi ni neno letu zuri, mazigazi. Ila fisi mmoja ameitwa Shenzi, na mama yako atalisikia kama tusi, maana ndivyo lilivyo, tusi lenye historia ndefu ya watu wa pwani na wa bara. Mtayarishe.

Hata hivyo sikubali kwamba mchezo wa jukwaani ni wa Wazungu peke yao. Nyimbo za Elton John zimo, ni kweli. Lakini mwili wa muziki ule ni kazi ya Lebo M, mtoto wa Soweto aliyeondoka kwao mwaka 1979, bado kijana mdogo, akaishi uhamishoni Marekani. Ndiye aliyezitia zile sauti za kwaya kwenye filamu, kisha akasaidia kutoa albamu ya mwaka 1995 ambayo baadhi ya nyimbo zake ziliupa mchezo uti wa mgongo. Utasikia Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana. Ngoma zilitungwa na Garth Fagan, mzaliwa wa Jamaika. Na tangu mwanzo waimbaji wa Afrika Kusini wamekuwa wakipelekwa katika miji mingi unakoonyeshwa, hata Hamburg, ambako watazamaji huvuka mto Elbe kwa boti kwenda ukumbini. Baba watoto akisusa, anaowasusia ni hao pia. Mwambie hivi: pesa yetu tutaitoa kwenye tiketi, kwa ajili ya waimbaji. Fulana za mlangoni tutaziacha zilipo. Nadhani hapo mnaweza kupatana.

Sasa tiketi. Lyceum hawaingizi watoto walio chini ya miaka 3, kwa hiyo mwanao mdogo wa miaka miwili na nusu anabaki, na baba yake ambaye hataki kwenda anabaki naye. Zimeshakuwa tatu: mama, wewe na binti. Pesa ya zile mbili iongeze kwenye hizi tatu, mkae ukumbi wa chini, pembeni mwa ujia. Nasisitiza ujia kwa sababu wanyama wanapita hapo. Ukiwa roshani ya juu utaona mpangilio mzuri wa ngoma, lakini tembo atapita bila wewe kumwona, na ngazi za kule juu ni kali kwa magoti ya miaka 71. Mwaka mmoja nilijibania nikanunua kiti cha bei ndogo katika ukumbi ambao sitautaja, nikakaa jioni nzima nyuma ya nguzo. Heri kungoja mwezi mwingine kuliko kulipia nguzo. Bei hupanda Jumamosi na likizo za shule, na mara nyingi hupungua katikati ya wiki. Kama shule ya binti inabana, chukua onyesho la mchana la mwisho wa wiki ili bibi asipande treni ya usiku. Nunua kwa ukumbi wenyewe, na uwaambie una mzee asiyependa ngazi.

Usiku wa kuamkia safari, mwambie binti amsimulie bibi yake hadithi nzima kwa Kiswahili. Aanze "Paukwa", bibi aitike "Pakawa", kisha aseme: palikuwa na mfalme, ndugu yake akamuua, mtoto akakimbia akidhani kosa ni lake, akarudi. Akishaijua hadithi, Kiingereza hakitamsumbua. Mweleze pia kwamba kule hakuna anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo, hata roho ikimtuma. Watu hukaa kimya, hupiga makofi wimbo ukiisha, na mwisho kabisa husimama. Sehemu ya makaburi ya tembo ina kelele na moshi, basi muwekeni bibi katikati yenu.

Wiki 6 ni chache, na viti vya pembeni mwa ujia ndivyo vinavyowahi kuisha. Nunua hizo tatu wiki hii, kabla mama hajapanda ndege.